Je, wajua tope la kiziwa cha Mlima Kenya linaweza kukwambia msitu ulikuwaje miaka 20,000 iliyopita?

Kule upande wa Meru, ndani ya msitu wa hifadhi wa Mlima Kenya, kuna kiziwa kinaitwa Sacred Lake, kiko kama mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, ndani ya kasoko ya volkano ya zamani, na sehemu kubwa ni kinamasi tu. Anayetafuta mandhari ya kupiga picha anaweza kukipita, lakini kwa watu wa tabianchi hapa ni hazina, na hazina yenyewe ni tope.

Iko hivi. Miti na nyasi zikichanua zinamwaga chavua, ule unga wa maua, upepo unaipeperusha na nyingine inadondokea majini inazama. Ganda la chavua ni gumu ajabu, na kule chini kwenye tope la kinamasi oksijeni karibu hakuna kwa hiyo haiozi, inafunikwa na tope jipya, na jingine juu yake, hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka. Halafu kila jamii ya mimea ina umbo lake, ile ya mti wa podo kwa mfano ina vipuli vya hewa ubavuni, huwezi kuichanganya na ya nyasi.

Udogo nao unasaidia. Ziwa kubwa lenye mito linaletewa chavua kutoka mbali sana, ila kiziwa kidogo kinapokea zaidi ya msitu unaokizunguka.

Watafiti wanazamisha bomba, wanalitoa na tope limejaa ndani, wanalikata vipande, wanayeyusha mchanga kwa asidi, kinachobaki wanakihesabu kwenye hadubini, chembe moja moja, kazi ya subira kweli. Umri wanaupata kwa radiokaboni, aina ya kaboni yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730, na inafika mpaka kama miaka 50,000 nyuma.

Mwaka 1964 J. A. Coetzee, mtafiti wa chavua wa Afrika Kusini, alichapisha matokeo ya tope la hapa, na yalishtua. Wakati wa enzi ya barafu mikanda ya mimea mlimani ilikuwa imeshuka kama mita 1,000, yaani hapo penye msitu mnene leo palikuwa na nyasi na vichaka vya kule juu karibu na barafu. Wengi wakasema ni baridi, basi.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kilichokuja baadaye. Mwaka 1997 watafiti wengine walipima aina za kaboni kwenye matope ya maziwa ya Mlima Kenya na Elgon, wakakuta alama nyingi ya nyasi za kundi moja na mahindi na miwa. Nyasi hizo zinavumilia hewa yenye kaboni dioksaidi kidogo, na enzi hizo ilikuwa kama sehemu 190 tu kwa milioni, wakati kabla ya viwanda ilikuwa 280 na leo imepita 420. Miti ilikuwa inapigwa na baridi, ukavu na njaa ya kaboni vyote kwa pamoja, kwa hiyo ukisoma chavua ukahesabu baridi peke yake utaona mlima ulipoa kuliko ulivyopoa kweli.