Je, wajua kisigino cha soksi ya kufuma kinajikunja vipi bila mkasi wala mshono?

Chukua soksi iliyoko karibu na wewe uiangalie pale kisiginoni. Mguu unashuka wima halafu ghafla unageuka kuelekea vidole, na pale kwenye kona kuna kisigino chenyewe ambacho ni duara. Fundi wa cherehani akitaka kitambaa kikae vizuri kwenye umbo kama hilo lazima akate vipande aviunge. Mtu anayefuma soksi kwa mkono hakati kitu, ana uzi mmoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho na sindano tano nyembamba zenye ncha pande zote mbili, na bado soksi inatoka na kisigino chake kimekaa sawasawa. Inawezekanaje? Na mimi nasema kabisa, raha ya kufuma soksi iko hapohapo kwenye kisigino, sehemu nyingine zote zinakusindikiza tu.

Tuanze na kitambaa. Kanga ina nyuzi zilizonyooka zinazopishana, nyingine zimesimama nyingine zimelala, ndo maana ukiivuta kwa urefu au kwa upana haivutiki. Kitambaa cha kufuma kwa sindano hakina uzi ulionyooka popote, ni vitanzi vitupu, kila kitanzi kimepitishwa ndani ya kitanzi cha chini yake. Ukivuta, vitanzi vinabadilika umbo vinatanuka, ukiachia vinarudi. Kwa hiyo soksi inafumwa ndogo kidogo kuliko mguu, kama unyayo una mzunguko wa sentimita 22 unafuma ya sentimita 20 hivi ili ishike mguu isizunguke ndani ya kiatu.

Sasa twende kazini. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba na sindano za milimita 2.5 mara nyingi inaanza na vitanzi 64, unavigawa 16 kwa kila sindano, sindano nne zinakaa kama fremu ya mraba na ya tano ndo inayofanya kazi. Unafuma unazunguka tu, raundi juu ya raundi, hakuna mwanzo wala mwisho wa mstari, linashuka bomba. Sehemu hii mikono inazoea haraka, unaweza kuwa unapiga stori na watu, unasikiliza redio, uko kwenye foleni ya hospitali, kazi inaenda. Na kazi nzima inaingia kwenye mkoba mdogo, siyo kama sweta ambalo likishafika nusu linajaza mapaja yote.

Ukifika kisiginoni mambo yanabadilika. Vitanzi 32 vya mbele unaviacha vipumzike kwenye sindano, hivi havihusiki kwa sasa, unafanya kazi na vile 32 vya nyuma peke yake, na sasa huzunguki tena, unaenda na kurudi. Unapata kipande cha mraba kinachoning'inia nyuma ya mguu, kama mistari 32 hivi. Wengi hapa wanaruka kitanzi kimoja na kufuma kimoja, kwa sababu kile kilichorukwa kinaacha uzi unapita nyuma yake na kitambaa kinakuwa kinene, na hapo ndo kiatu kinaposugua zaidi.

Halafu inakuja ile hatua ambayo mtu anayeifanya mara ya kwanza huwa haamini macho yake. Unafuma kuvuka katikati kidogo, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, unafuma kimoja tena, halafu unageuza kazi ukiwa hujamaliza mstari!! Ndiyo, unaviacha vile vya pembeni bila kuvigusa. Unarudi vitanzi vichache tu vya katikati, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuza tena. Kila safari unaenda mbele kidogo kuliko safari iliyopita, unameza kitanzi kimoja cha pembeni, mpaka vyote viishe, na zile 32 zimebaki 18. Ukiangalia, pale katikati umepita mara nyingi na pembeni umepita mara chache, maana yake kitambaa cha katikati ni kirefu kuliko cha pembeni ingawa ni kipande kilekile. Ni kama kona ya uwanja wa riadha, leni ya nje ina njia ndefu kuliko ya ndani ndo maana uwanja unaweza kupinda. Ule urefu wa ziada hauna pa kwenda, kwa hiyo kitambaa kinatuna, kinakuwa bakuli dogo. Hujakata, hujashona, umegeuza tu kabla ya wakati, na bakuli limekaa mkononi mwako.

Baada ya hapo unaokota vitanzi 16 kwenye ubavu mmoja wa kile kipande na 16 ubavu wa pili, unaviunga na vile 32 vilivyokuwa vinasubiri mbele, jumla 82. Ni vingi mno kwa unyayo ila ni sawa kabisa kwa pale mguu ulipo mnene, karibu na kifundo. Unapunguza viwili kila baada ya raundi moja, mara 9, unarudi kwenye 64 na pembeni zinabaki pembetatu mbili nzuri. Hesabu inajifunga yenyewe, na kiukweli hili linanifurahisha kila nikiliona, kwamba mtu asiyeandika namba hata moja anaweza kuishika hii hesabu vidoleni.

Na ukikosea? Unavuta uzi unafumua. Kitambaa kilichokatwa vibaya kimeharibika, ila hapa uzi ni uleule, unarudi ulipokosea unaanza tena na hujapoteza chochote zaidi ya muda.

Ujuzi huu wa kisigino ni wa zamani sana. Kwenye makumbusho ya Victoria and Albert kule London kuna soksi nyekundu za sufu zilizochimbuliwa Oxyrhynchus, Misri, za kati ya mwaka 300 na 499, dole gumba limetengwa na vidole vingine ili mtu avae na ndala. Zile zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, mbinu iliyotangulia hii ya leo, lakini kisigino tayari wamekikunja. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee akabuni mashine ya kufuma soksi ndefu, ikafuma haraka kweli, ila ilitoa kitambaa bapa ambacho kilibidi kishonwe nyuma, kwa hiyo bomba lisilo na mshono likabaki kwanza kazi ya mikono.

Na mshono siyo jambo dogo kwa mtu anayetembea kutwa. Pale vidoleni soksi inapunguzwa mpaka vibaki vitanzi vichache, kwa mfano 8 juu na 8 chini, halafu unachukua sindano butu ya kushonea unapitisha uzi kwa kuiga njia ya kitanzi, juu na chini vinaungana mpaka huoni vilipokutana. Mbinu hiyo Waingereza wanaiita kwa jina la Kitchener, waziri wao wa vita kwenye Vita Kuu ya Kwanza, wakati maelfu ya watu walikuwa wanafumia askari soksi nyumbani. Huyuhuyu Kitchener mwaka 1885 aliwekwa kwenye tume ya kupima mipaka ya ardhi ya Sultani wa Zanzibar kwenye pwani yetu.

Kuhusu uzi, ukiweza kupata sufu ya kondoo iliyochanganywa na nailoni, kama 75 kwa 25, chukua hiyo. Sufu inaweza kunyonya unyevu karibu asilimia 30 ya uzito wake bila mguu kuhisi maji, na nailoni inazuia kisigino kisitoboke mapema. Gramu 100, ambazo ni kama mita 400, zinatosha jozi moja. Akriliki ya sweta inayouzwa madukani kwetu inafaa kujifunzia, ila hainyonyi jasho.

Kama unataka kuona kisigino kinavyojikunja bila kusubiri wiki nzima, anza na soksi ya mtoto mchanga. Vitanzi 32, uzi mnene kidogo, kisigino chake kina vitanzi 16 tu, na jioni hiyohiyo unafika kwenye ule mstari wa kugeuza.