Kwa nini gemu ya zamani huharibika sura kwenye televisheni mpya?

Chukua mashine ya gemu ya miaka ya 1990, ichomeke kwenye televisheni bapa ya leo, kisha uangalie. Kingo za herufi zina ukungu, rangi nyekundu imevuja nje ya mipaka yake, mhusika amenenepa, na ukibonyeza kitufe cha kuruka anaruka wakati adui ameshamgonga. Wengi hukata tamaa hapo. Husema mashine imechoka, au ndivyo gemu zilivyokuwa tangu mwanzo, ni utoto tu uliotufanya tuzione nzuri. Si kweli. Mashine inatoa picha ileile iliyoitoa siku ilipotoka kiwandani. Aliyebadilika ni anayeipokea, na huyo mpokeaji alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko tulivyodhani.

Televisheni ya chogo haikuwa na pikseli za kuhesabika, yaani vile vitone vidogo vinavyounda picha ya televisheni bapa. Ndani ya lile bomba lake la kioo, mwali wa elektroni ulipiga unga maalumu uliopakwa upande wa ndani wa kioo, na unga ukang'aa. Mwali ulichora mstari mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Kwa mfumo wa NTSC uliotumika Marekani na Japani, picha nzima ilikuwa na mistari 525, na takriban 480 kati yake ndiyo iliyobeba picha yenyewe. Lakini haikuchorwa yote kwa mkupuo. Mzunguko wa kwanza ulichora mistari witiri, 1, 3, 5 na kuendelea. Mzunguko wa pili ukajaza mistari shufwa katikati yake. Mizunguko ilikuwa kama 60 kwa sekunde, na jicho likaunganisha nusu hizo mbili kuwa picha moja. Mfumo wa PAL uliosambaa Ulaya na kwingineko ulikuwa na mistari 625 na mizunguko 50, ila utaratibu ulikuwa huohuo.

Sasa, waliounda mashine kama NES na SNES za Nintendo, na Mega Drive ya Sega, walifanya ujanja ambao bado naustaajabia. Walibadilisha kidogo tu muda wa ishara inayotoka kwenye mashine, ili mwali usihamie kwenye mistari ya pili bali urudi palepale ulipopita mwanzo. Matokeo yake, badala ya nusu mbili za picha zinazopishana, walipata picha kamili ya mistari 240 iliyochorwa upya mara 60 kila sekunde. Mwendo ukawa laini, picha ikatulia bila kutetemeka. Na kwa kuwa mistari ya katikati haikuguswa kabisa, ilibaki giza. Ule mchirizi mwembamba mweusi uliokatiza picha ndio uliozipa gemu za wakati ule sura yake: ulitenganisha vitone vya rangi, na jicho likavilainisha lenyewe.

Shida inaanzia hapo. Televisheni nyingi za kisasa zikipokea ishara hiyo hazitambui kwamba ni mistari 240 kamili. Zinadhani ni ile ya zamani ya 480, yenye nusu mbili zinazopishana, kwa hiyo zinachukua picha mbili zilizo tofauti na kujaribu kuzisuka ziwe moja.

Angalia kinachompata mhusika anapogongwa na adui. Katika gemu nyingi za wakati ule alikuwa akipepesa kwa sekunde moja au mbili: fremu hii, yaani picha moja kati ya zile 60 za kila sekunde, yupo, fremu inayofuata hayupo, inayofuata yupo tena. Kwenye televisheni ya chogo ulimwona kama mzuka, unaona na kilicho nyuma yake, na ukajua hapo bado hawezi kudhurika. Kwenye televisheni bapa inayosuka picha mbilimbili, ama anatoweka kabisa hadi muda ule uishe, ama anabaki amechanika mistari mistari kama meno ya chanuo. Vivuli vilivyochorwa kwa mbinu hiyohiyo vinapatwa na jambo lilelile. Fundi wa gemu hakukosea popote, bali televisheni imeisoma vibaya ishara aliyoituma.

Kuna pia ule waya wa njano unaopeleka picha kutoka kwenye mashine hadi kwenye televisheni. Waya huo mmoja hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na televisheni ndiyo inayovitenganisha. Havitenganiki vizuri, ndiyo maana rangi hutapakaa. Mafundi waliujua udhaifu huo na wengine wakautumia kama brashi. Mfano maarufu ni maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 kwenye Mega Drive. Mashine ile haikuwa na uwezo wa kawaida wa kuonyesha kitu kinachopenyeza nuru, kwa hiyo maji yalichorwa kama michirizi ya wima, mmoja una rangi, unaofuata ni mtupu. Kupitia waya wa njano michirizi ilichanganyikana, na ukaona maji mepesi ambayo Sonic anapita nyuma yake. Kwenye picha safi ya leo unaona pazia la mistari tu. Ajabu ni kwamba hapo usafi wa picha ndio unaoharibu mchoro.

Halafu hesabu yenyewe inakataa. Televisheni yenye mistari 1080 ikipewa picha ya mistari 240, kila mstari unapaswa kurudiwa mara 4.5. Nusu mstari haupo. Kwa hiyo televisheni inakadiria, inachanganya rangi za jirani, na kila ukingo uliokuwa mkali unapata ukungu. Kwenye mistari 720 hesabu ni 3 kamili, na kwenye 2160, yaani 4K, ni 9 kamili. Ndiyo kusema televisheni mpya zaidi ingeweza kuonyesha gemu hizi vizuri kuliko ile ya 1080, laiti ingeisoma ishara ipasavyo. Kuhusu mhusika kunenepa, hilo ni jepesi: picha ilikusudiwa uwiano wa 4:3, nayo imevutwa ijaze kioo cha 16:9. Rimoti inatosha kulirekebisha.

Ucheleweshaji ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hauonekani kwa anayetazama ila unamwadhibu anayecheza. Televisheni ya chogo haikuhifadhi chochote. Ishara ilipofika, mwali uliichora papo hapo. Televisheni bapa huipokea picha, huisuka, huikuza, huing'arisha, ndipo huionyesha. Fremu moja ya gemu inadumu kama milisekunde 17. Televisheni ikitumia milisekunde 50 kwa shughuli zake, unacheza ukiwa nyuma kwa fremu tatu, na kuna miruko katika gemu za zamani isiyosamehe hata mbili.

Bastola ya gemu inalionyesha hili waziwazi. Katika Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata ya mwaka 1984, ukivuta kifyatulio kioo kinakuwa cheusi kwa fremu moja, kisha mahali alipo bata panatokea mraba mweupe. Bastola haifyatui kitu. Ni jicho linalopokea mwanga. Ikiona giza halafu weupe, umelenga. Ile fremu nyeusi ilizuia udanganyifu wa kuielekeza bastola kwenye taa. Na wakiwa bata wawili, kila mmoja hupata mraba wake katika fremu yake, na mashine hujua umempiga yupi kwa kuangalia mwanga ulifika lini. Kwenye televisheni bapa mraba unachelewa. Mashine inapouliza kama bastola imeona weupe, kioo bado hakijauonyesha. Utapiga siku nzima na bata hataanguka.

Basi mtu afanye nini? Anza na rimoti: weka uwiano wa 4:3, washa modi ya gemu ili televisheni ipunguze shughuli zake, na uzime vikorombwezo vyote vya kulainisha mwendo na kunoa picha. Kisha tazama waya. Mashine nyingi zinaweza kutoa picha bora kuliko ile ya njano. PlayStation 2, kwa mfano, inakubali waya wa component wenye vichwa vya kijani, bluu na nyekundu, unaosafirisha mwanga na rangi katika njia tofauti.

Jihadhari na vile vidude vya bei rahisi vya kugeuza waya wa njano kuwa HDMI, waya wa picha wa televisheni za kisasa. Vingi vinafanya kosa lilelile la kudhani mistari 240 ni 480, kwa hiyo unalihamishia kosa nje ya televisheni tu. Vifaa vinavyostahili, kama OSSC na RetroTINK, vimeundwa kuitambua ishara ya mistari 240 jinsi ilivyo, kuizidisha kwa namba kamili na kuipitisha karibu bila kuchelewa. Tena vingi vina kitufe cha kuirudisha ile michirizi myeusi katikati ya mistari. Nintendo yenyewe, ilipotoa upya NES ndogo yenye HDMI mwaka 2016, iliweka humo chaguo la kuigiza picha ya televisheni ya chogo. Ukiiwasha, kingo zinalainika, mistari inarudi, na rangi zinaanza tena kugusana.