Je, wajua kwa nini mzungumzaji mzawa hapewi lebo ya mtaalamu wa isimu?

Katika jamii za mtandaoni zinazojadili isimu, yaani taaluma ya kuchunguza lugha, majina ya baadhi ya wachangiaji huambatana na lebo fupi inayotaja ujuzi wao, kama vile "fonolojia" (tawi linalochunguza mifumo ya sauti za lugha) au "isimu historia, lugha za Kibantu". Niliwahi kuamini kwamba mtu aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama anastahili lebo ya namna hiyo bila maswali. Niliiomba, nikanyimwa, na walioninyima walikuwa sahihi.

Uhakiki wenyewe hauna mengi. Baadhi ya wasimamizi hutazama shahada, anwani ya barua pepe ya chuo au makala zilizochapishwa. Wengine hupima majibu ambayo mwombaji amekwisha kuyatoa. Neno la mtu peke yake halitoshi, kwani mwaka 2007 ilibainika kwamba mhariri wa Wikipedia aliyejiita Essjay, ambaye alijitambulisha kuwa profesa wa dini, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na uprofesa wowote.

Mimi sikudanganya; nilikosea tu. Mgeni aliuliza kwa nini tunasema "watu wawili", "miti miwili" na "vitu viwili", lakini "nyumba mbili". Nikajibu kwa kujiamini kwamba w hugeuka kuwa b inapotanguliwa na sauti ya puani, kama m. Mtu mwenye lebo ya isimu historia akanisahihisha kwa upole: kihistoria, mambo yalikwenda kinyume chake. Sauti ya asili ni b. Ndiyo sababu Waganda husema "abantu babiri" na Wazulu "abantu ababili", na ndiyo sababu wanaisimu, wanapokadiria umbo la neno hili katika Mame-Bantu, lugha ya kale inayokadiriwa kuwa chimbuko la lugha za Kibantu, huliandika kwa b, wakilitangulizia kinyota kuonyesha kwamba ni kadirio ambalo hakuna aliyepata kulisikia. Katika Kiswahili b hiyo ililegea ikawa w karibu kila mahali katika neno hili, isipokuwa ilipokuwa na kinga.

Fikiria ukuta wa buluu uliotundikwa kalenda kwa miaka mingi huku jua likiupiga kila alasiri. Siku kalenda inapoondolewa, panaonekana mraba wa buluu iliyokolea, na mgeni anaweza kudhani kwamba mtu alipaka rangi mpya pale, kumbe pale ndipo pekee ambapo rangi ya zamani imebaki, na ni ukuta mwingine wote uliochujuka. Katika "mbili", m ndiyo kalenda. Tamka neno hilo polepole: midomo hufungwa kwa ajili ya m, na ikiwa bado imefungwa, b hupasuka kutoka humo humo, kwa hiyo haikupata nafasi ya kulegea. Tamka "wawili", na midomo haigusani hata mara moja. Nimelitamka neno hilo tangu utoto bila kujua kwamba nimebeba kipande cha lugha ya kale sana.

Hata hivyo, jibu langu halikuwa upuuzi mtupu. Mtaalamu wa fonolojia anayeeleza Kiswahili cha leo, bila kujishughulisha na kilikotoka, anaweza kabisa kuandika kanuni inayoanza na w na kuishia na b, na kanuni hiyo ikafanya kazi. Ndiyo maana lebo nzuri hutaja tawi la taaluma badala ya kusema "mtaalamu" na kunyamaza: majibu mawili yanayopingana yanaweza kutoka kwa watu wawili wanaojua wanachosema, na msomaji anahitaji kujua kila mmoja amesimama wapi.

Mimi nilipewa lebo nyingine, "mzungumzaji mzawa wa Kiswahili", nikaipokea kwa kinyongo kidogo. Kinyongo kiliisha siku yule yule aliyenisahihisha, ambaye hakukulia katika lugha hii, aliponiuliza iwapo "nyumba hizi mbili" na "nyumba mbili hizi" zinasikika sawa masikioni mwangu. Shahada zake zote hazikuweza kumpa jibu hilo. Nilizitamka zote mbili kwa sauti, mara kadhaa, kabla ya kumwandikia kwamba ya kwanza ndiyo inayonijia yenyewe.