Ufeministi ni nini, na kwa nini anayeutetea huitwa msagaji

Mkutano ulikuwa wa chama cha msingi cha ushirika, kwenye uwanja wa shule katika kijiji kimoja cha Tandahimba, wiki chache kabla ya mnada wa kwanza wa korosho. Mama mmoja akasimama na kuuliza. Yeye ndiye anayepalilia, ndiye anayeokota, ndiye anayenyofoa korosho kwenye mabibo na kuzianika. Mbona hela ya mauzo inaingia kwenye akaunti ya mume peke yake, naye anakuja kusikia tu kwamba imeishia Mtwara mjini? Kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, jamaa mmoja chini ya mwembe akajibu: "Beijing hiyo!" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana: "Mwanamke aliyetulia na mumewe hasemi hivyo. Usagaji ndio unavyoanza." Hapo hawakucheka wote.

Mama aliuliza habari ya akaunti ya benki. Akajibiwa mji wa China, kisha akajibiwa kitanda. Nimekuwa nikiufikiria mkutano ule kila ninapoulizwa ufeministi ni nini.

Tuanze na neno. Limetoka Ufaransa, na mmoja wa waliolieneza ni Hubertine Auclert, mwanamke aliyedai haki ya kupiga kura na kulitumia neno hilo mwaka 1882. (Wafaransa wenyewe hawakuwapa wanawake kura hadi 1944, kwa hiyo tusidhani huko kulikuwa kwepesi.) Wasomi wetu huandika ufeministi, wengine ufeminia, na mwanafunzi wa fasihi hulikariri kama nadharia ya kuhakikia riwaya. Mtaani halitamkwi. Mtaani tunasema haki sawa, hamsini kwa hamsini, uanaharakati, na zaidi ya yote, Beijing.

Maana yake ni nyepesi kuliko sura ya neno lenyewe. Ni msimamo kwamba mwanamke ni mtu kamili, na kwamba yale yanayomweka chini, yawe sheria, mila, mgawo wa mali au mgawo wa kazi za nyumbani, hayakushuka na mvua. Watu waliyaweka, na watu wanaweza kuyaondoa. Pia ni harakati za kuyaondoa: kudai kura, shamba, shule, mshahara, ndoa isiyo ya kulazimishwa, kutopigwa. Ndani yake kuna mikondo mingi, na mikondo hiyo hugombana. Wako wanaoona kasoro iko kwenye sheria tu, wako wanaoiona kwenye uchumi, wako wanaoiona ndani ya nyumba yenyewe. Mtu hahitaji kukubaliana na mikondo yote ili awe mfeministi, na katika maana hiyo hakuna sharti lolote kuhusu nani unampenda.

Kwa nini Beijing? Kwa sababu Septemba 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya huko mkutano wa nne wa dunia kuhusu wanawake, na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe. Redio ikaimba Beijing miezi mizima. Mwanamke akirudi kutoka kisimani akachelewa, Beijing. Akikataa kufua nguo za shemeji, Beijing. Jina la mji likageuka jina la ukaidi, na limekaa hivyo hadi leo vinywani mwa vijana ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa. Hasara yake ni kwamba jambo likiitwa jina la kwa watu, linasikika kama la kwa watu. Wakati tangu mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa akiwaingiza wanawake TANU kwa maelfu, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliundwa mwaka 1962, kabla hata bendera ya Jamhuri ya Muungano haijashonwa.

Huku kusini neno hilo la kwamba haya ni mageni linanishangaza kuliko mahali pengine. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ni watu wa kuukeni. Mtoto alihesabiwa ukoo wa mama, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia upande wa mkewe. Bibi zetu hawakusubiri ndege ya China ili wajue kwamba mwanamke anaweza kuwa shina la ukoo. Lakini nisidanganye: kuukeni si ufeministi. Ukoo ulipita kwa mama, ila neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Na mikorosho ilipoenea, mti unaodumu miaka mingi shambani, baba wengi wakaona ni afadhali uende kwa watoto wao kuliko kwa wapwa, na mila ikaanza kupinda. Ndiyo maana yule mama wa Tandahimba, mjukuu wa watu wa kuukeni, anauliza habari ya akaunti.

Au chukua unyago, ambao Wamakonde huuita chiputu. Ngoma zinapolia wakati wa likizo, wanawake peke yao hukaa na mwari, na kungwi hufundisha mambo ya mwili wa mwanamke kwa uwazi ambao hakuna semina ya mjini iliyoufikia. Mzee anayesema kwamba kuzungumzia mwili wa mwanamke ni uzungu huwa amechangia mchele wa unyago wa binti yake. Kweli, sehemu kubwa ya mafunzo yale inalenga kumpendeza mume, na wafeministi wengi wa Tanzania wameyakosoa kwa hilo, pamoja na binti kuchezwa akiwa bado mdogo. Lakini faragha ya wanawake wakizungumza bila mwanamume masikioni ni jambo la hapa hapa.

Sasa neno la pili. Usagaji latokana na kusaga, na linamaanisha mapenzi ya kimwili kati ya mwanamke na mwanamke. Kwenye kamusi ni jina tu. Mdomoni mara nyingi ni tusi, na wanaohusika wengi hupendelea kusemwa kwamba ni wanawake wanaopenda wanawake. Kidini, Waislamu wa pwani ya Lindi na Wakristo wa Masasi wanafundishwa kwamba ni haramu au dhambi. Kisheria, Zanzibar ilitaja usagaji waziwazi katika marekebisho ya mwaka 2004, kifungo hadi miaka 5. Bara, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 kinaadhibu kujamiiana kunakoitwa kinyume cha maumbile, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo kumwita mtu msagaji hadharani si utani wa kawaida. Ni kumwonyesha mahali ambapo majirani, msikiti au kanisa, na polisi wanaweza kumfikia.

Maneno haya mawili yalikutanaje? Hayakuzushwa yote chini ya mwembe. Miongoni mwa wanawake waliojenga harakati za Marekani na Ulaya miaka ya 1960 na 1970 walikuwamo wanaopenda wanawake, na hawakuwa wachache wa kuhesabia kidole. Mtu asiye na mume wa kumkataza kwenda mkutanoni huenda mkutanoni. Walipanga maandamano, walichapa majarida, walisimamia nyumba za kuwahifadhi wake waliopigwa na waume, jambo ambalo ukilitazama vizuri ni la wanawake wenye waume.

Jibu walilopata kutoka kwa wenzao ndilo linalonivutia. Mwaka 1969 Betty Friedan, kiongozi wa NOW, shirika kubwa la kutetea haki za wanawake Marekani, aliwaita tishio la zambarau. Hofu yake ilikuwa hii: wakionekana mbele, umma utasema harakati zote ni za wasagaji, na madai ya ajira na mishahara yatatupwa. Tarehe 1 Mei 1970, kwenye mkutano wa wanawake New York, taa zikazimwa ghafla. Zilipowashwa, wanawake walikuwa wamesimama kati ya viti wakiwa wamevaa fulana zilizoandikwa jina lile lile walilotukanwa. Mwandishi Rita Mae Brown alikuwa mmoja wao. Walidai kusikilizwa, na mwaka uliofuata shirika lile likapitisha azimio kwamba haki zao ni sehemu ya haki za wanawake. Friedan mwenyewe alilainika hadharani mwaka 1977, kwenye mkutano wa Houston.

Nje ya harakati, hofu ya Friedan ilikuwa ikitimia. Agosti 1970 jarida la Time lilimweka Kate Millett kwenye jalada kama sura ya wanawake wapya. Desemba, baada ya kukiri kwamba anapenda wanaume na wanawake, jarida lile lile likaandika kwamba kukiri huko kutaharibu sifa yake ya kusemea wanawake. Hoja zake zilikuwa zile zile za Agosti. Ni mchezo ule ule wa Tandahimba, ila kwa karatasi nzuri.

Ukweli una upande mwingine pia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikundi kimoja cha Leeds, Uingereza, kilitoa hoja kwamba mfeministi wa kweli aache kulala na wanaume kabisa. Kikundi kilikuwa kidogo, na wafeministi wengi walikipinga kwa hasira, ila maneno makali husafiri mbali kuliko maneno ya wastani. Mtu akitaka ushahidi kwamba ufeministi ni chuki kwa wanaume, hapo ataupata. Lakini na apite pia Boston, ambako mwaka 1977 kundi la wanawake weusi lililoitwa Combahee River Collective, wengi wao wakiwa wapenda wanawake, lilitoa tamko likikataa kujitenga na wanaume. Sababu yao ilikuwa kwamba wanabaguliwa kwa rangi pamoja na kaka na baba zao, na hawawezi kuwaacha. Mshairi Audre Lorde alisimama karibu na mawazo hayo, akisisitiza kwamba mwanamke hagawanyiki vipande, mweusi huku, mama huku, mpenda wanawake kule.

Turudi Beijing, maana kuna jambo ambalo waliolifanya jina hilo kuwa tusi hawalisemi. Suala la wanawake wapenda wanawake lilifika kwenye mkutano ule. Palesa Beverley Ditsie wa Afrika Kusini alisimama kwenye jukwaa kuu, akaomba nchi zitambue kwamba wanawake hao nao wanastahili ulinzi. Maneno yaliyopendekezwa kuhusu mwelekeo wa kimapenzi yakajadiliwa, yakazua ugomvi, kisha yakaondolewa. Azimio lililoletwa nyumbani, hilo wanalolitaja wakiona mwanamke anauliza habari ya korosho, halina mstari hata mmoja unaowataja.

Na sisi? Harakati za wanawake Tanzania zilikwenda upande huo huo, tena mbali zaidi. Chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilisukuma pamoja na wengine hadi ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka adhabu nzito kwa wabakaji. Ni ushindi mkubwa wa wanawake wa nchi hii, na binti wengi wanalindwa nao. Sheria hiyo hiyo ilipandisha juu adhabu ya kifungu cha 154. Mtu anaweza kuisifu au kuilaumu kwa hilo. Asichoweza ni kusema kwamba wanaharakati wetu walikuwa wakificha usagaji ndani ya mkoba. Mwaka 1999 zikaja sheria za ardhi zilizotambua haki ya mwanamke kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Hapo pia hakuna kitanda, ni shamba tu.

Kwa hiyo nikiulizwa nafasi ya wanawake wapenda wanawake ndani ya ufeministi, najibu kwa vipande. Huko Marekani na Ulaya walikuwa miongoni mwa waanzilishi, na walisukumwa pembeni na wenzao kabla hawajakubaliwa. Wafeministi wengi wa leo duniani wanaona haki zao ni sehemu ya dai moja, kwa hoja kwamba asiyeweza kuchagua wa kuishi naye hajawa huru. Wengine, hasa wenye kufuata dini kwa karibu, wanataka mashamba na shule na hawataki hilo. Tanzania walio wengi wamelinyamazia, wengine kwa imani, wengine kwa woga, na ukimya hausemi ni ipi.

Swali la pili, kwa nini kila anayedai haki huitwa msagaji, lina jibu fupi zaidi. Tusi hilo halihitaji kuwa kweli ili lifanye kazi. Aliyeolewa ana watoto 5 ataitwa, mjane ataitwa, bikira ataitwa. Akilisikia, anaacha kudai akaunti na kuanza kujitetea: anataja mumewe, anataja watoto, anaapa. Muda wa mkutano unakwisha. Na yule ambaye kweli anapenda wanawake, kama yupo pale chini ya mwembe, anajifunza kukaa kimya kuhusu korosho pia.

Mama yule hakuapa. Alikaa, akafunga kanga vizuri kiunoni, akamtazama katibu. Katibu aliandika kitu daftarini. Nilipoomba kuona, ilikuwa chini ya kichwa cha "Mengineyo": akaunti, mke na mume. Jina la aliyeuliza hakuliandika.