Je, wajua transista mbili zinavyoilinda taa ya pikipiki isiungue?

Ukipita Birere hapa Goma saa moja ya jioni, utaona pikipiki zimefungwa mikanda ya ledi, vitaa vidogo vya umeme, na mikanda mingi ina mapengo. Ledi tatu zimezimika, zinazofuata zinawaka, kisha tatu tena giza. Daima ni tatu. Mkanda wenyewe unaeleza sababu ukiutazama kwa karibu: ledi tatu zimefuatana kwenye njia moja na rezista ndogo, kifaa cha kubana mkondo, iliyoandikwa 151, maana yake omu 150 (omu ni kipimo cha ubanaji huo). Moja ikiungua njia inakatika, na wenzake wawili wanazimika nayo. Mara nyingi utaitambua iliyoungua kwa kidoa cheusi katikati ya umanjano wake.

Motari, yaani madereva wa pikipiki, hulaumu mvua, au mawe ya volkano yanayoitikisa pikipiki kutwa nzima. Mimi naanza na hesabu. Ledi tatu nyeupe hula volti 9.3 hivi. Kwenye betri ya volti 12 zinabaki 2.7 kwa rezista; gawa kwa 150, unapata mkondo wa miliampea 18. Ledi ndogo kama hizi kwa kawaida hupewa 20, kwa hiyo hapo hakuna shida. Lakini injini ikinguruma na betri ikichajiwa, volti hufika 14.4. Ledi hazikubali kubeba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo, robo tatu yake hivi inaangukia rezista, na mkondo unapanda hadi kama 30. Volti zimeongezeka asilimia 20; mkondo, karibu asilimia 70.

Rezista peke yake ni koki iliyofunguliwa nusu asubuhi ikaachwa. Presha ya maji ikipanda, bidoni inafurika. Kinachotakiwa ni mtu wa kusimama pale bombani, macho kwenye maji, mkono kwenye koki.

Transista mbili za aina ya NPN, BC547 kwa mfano, zinafanya kazi hiyo. Kila moja ina miguu mitatu, kolekta, besi na emita: mkondo mdogo unaoingia besi hufungulia mkondo mkubwa njia ya kutoka kolekta hadi emita. Ya kwanza ni koki: kolekta yake inapokea mkondo kutoka kwenye ledi, na emita inaupitisha kwenye rezista ya omu 33 hadi hasi ya betri. Besi yake inalishwa kutoka chanya kupitia rezista ya kiloomu 4.7, hivyo koki inataka kufunguka wazi kabisa. Ya pili ndiye mlinzi. Besi yake imeunganishwa na emita ya kwanza, emita yake imekwenda hasi, na kolekta yake imeshika besi ya mwenzake.

Mkondo ukipita kwenye zile omu 33 unaacha volti kidogo. Zikifika kama 0.65, mlinzi anaamka na kuanza kuunyonya mkondo uliokuwa ukiilisha besi ya koki. Koki inajibana. Mkondo ukipungua, mlinzi analegeza. Mvutano huo unatulia palepale ambapo 0.65 gawa kwa 33 inatoa miliampea 20, betri iwe na 12 au 14.4. Ukitaka kiwango kisichotofautiana sana na hicho, badilisha rezista hiyo ya omu 33 tu.

Hiyo 0.65 ni tabia ya silikoni, ambayo BC547 imetengenezwa kwayo. (Hapa kwetu utasikia watu wakisema transista hutengenezwa kwa koltani. Sivyo: koltani hutoa tantalamu, ambayo huingia kwenye kapasita.) Transista kuukuu ya gerimani kutoka redio ya babu huamka mapema zaidi, kwenye volti 0.2 au 0.3, kwa hiyo usiifanye mlinzi kwa hesabu hii.

Kabla ya kulehemu, hakikisha miguu. BC547 ukiielekeza uso bapa kwako, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C1815, transista nyingine inayopatikana sana kwenye redio mbovu, ni emita, kolekta, besi. Ile rezista ya 151 itoe na uweke waya mahali pake, la sivyo volti hazitatosha pikipiki ikiwa imezimwa. Tena kila kundi la ledi tatu lipate koki na mlinzi wake.

Volti zilizozidi hazipotei, zinageuka joto kwenye koki. Kwa miliampea 20 ni chini ya sehemu ya kumi ya wati, utalisikia kidogo tu kidoleni. Kwa ledi kubwa ya miliampea 300, ikiwa peke yake kwenye 14.4, ni wati 3 na ushee: BC547 itakufa mara moja. Hapo tafuta transista ya nguvu, uifunge kwenye kipande cha alumini.

Ukimaliza, gusisha waya kwenye miguu miwili ya ledi moja wakati zote zinawaka. Hiyo itazimika, na mbili zilizobaki zitaendelea na mwanga uleule. Kwenye mkanda wa zamani wenye rezista peke yake, injini ikiwa inanguruma, ukifanya hivyo mbili zilizobaki zinapata karibu miliampea 50. Zitang'aa vizuri sana, kwa muda.