Ganda la kijani si dhamana: dhana potofu kuhusu papai la som tam

"Mwalimu, nilinunua la kijani kabisa, mbona saladi imekuwa uji?" Wanafunzi wangu wa mapishi ya Kithai hawaishi kuniuliza hili. Nikilipasua papai lenyewe, ndani lina rangi ya chungwa. Hapo som tam, yaani saladi ya Kithai ya papai bichi, hakuna. Chukua kijiko ule tunda lako.

Basi tuanze na dhana hii, maana ndiyo inayonichosha: kwamba ganda likiwa la kijani, papai ni bichi. Si kweli. Nyama ya papai huanza kugeuka rangi ndani, kuzunguka mbegu, kabla ganda halijaonyesha chochote. Zipo hata aina ambazo ganda hubaki na ukijani mwingi hali ndani kumeshaiva. Isitoshe, papai lililokomaa haliachi kuiva eti kwa kuwa limechumwa. Ulinunue gumu Jumatatu, uliweke mezani pamoja na ndizi, kisha Alhamisi unilaumu mimi?

Usiliamini jicho peke yake. Libonyeze kitakoni, upande wa mbali na kikonyo, kwani huko ndiko huanza kugeuka. Lisibonyee hata kidogo. Kisha likwaruze kwa ukucha. Papai bichi kwelikweli hutoa utomvu mweupe mzito papo hapo. Lililoanza kuiva hutoa kidogo, tena wa majimaji. Ukilipasua, nyama iwe nyeupe au kijani hafifu, na mbegu ziwe nyeupe. Mbegu zikianza weusi lakini nyama bado ni nyeupe na ngumu, sikatai. Ukiona manjano, nyama imeshaanza kulegea, na hakuna barafu itakayoirudisha. Ushauri wangu kwa mnaonunua sokoni kwetu: msiombe "papai bichi," maana muuzaji atakupa la kuliwa keshokutwa. Mwambie unataka la kulainishia nyama. Ataelewa mara moja, na ndilo hilo hilo.

Kuna wanaolichemsha kwanza "kutoa sumu." Jamani! Som tam huliwa mbichi. Kinachowatisha ni utomvu, na mwingi uko kwenye ganda: menya, osha vizuri, kwangua, loweka kwenye maji ya barafu kama dakika kumi na tano, kisha chuja mpaka likauke. Ila mjamzito asile papai bichi kabla ya kumuuliza daktari, na mwenye mzio wa mpira asilijaribu kabisa.

Wengine hulitia chumvi na kulikamua, kama vitunguu vya kachumbari. Wafilipino hufanya hivyo kwa achari yao ya papai, na kwa achari inafaa. Kwenye som tam unapata nyuzi zilizonyauka. Na hizo nyuzi ziwe ndefu, unene wa njiti ya kiberiti; tundu ndogo za kikwaruzio cha karoti zitakupa makapi. Wathai hulishika papai mkononi, wakalichanja kwa kisu kikubwa kwa urefu, kisha wakaparuza juu juu. Kama unavipenda vidole vyako, tumia kimenyeo chenye meno.

Dhana ya mwisho ni kuhusu kinu. Watu wakiona kinu na mchi hutwanga kana kwamba kuna kisamvu. Kinachotwangwa hasa ni kitunguu saumu na pilipili. Baada ya hapo ni sukari ya mnazi, karanga, kamba wakavu na maganda machanga ya kunde, yapondeke tu. Tia ndimu na sosi ya samaki, kisha nyanya na papai mwishoni: mkono mmoja unagonga taratibu, mwingine unageuza kwa kijiko, ili papai lipate michubuko midogo ya kunywea mchuzi bila kuvunjika. Ndiyo maana kinu chake ni cha udongo, kirefu, na mchi wa mti. Kinu cha jiwe kiachieni viungo vya mchuzi wa kari.

Na tafadhali, msichanganye asubuhi mkala jioni. Papai lililokwangwa laweza kungoja kwenye friji, ila likishakutana na ndimu na sosi linaanza kutoa maji. Wali wa kunata na kuku wa kuchoma viwe tayari mezani kabla hujashika mchi.