Fataki kubwa haiongezi nguvu ya gobore

Kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa utasikia kwamba gobore likiondolewa fataki yake ndogo na kufungwa ile ya kitako cha risasi ya shotigani, namba 209, litapiga mbali zaidi. Si kweli. Kinachosukuma risasi ni baruti. Fataki kazi yake ni kuiwasha tu. Fataki ya 209 ina moto mkali zaidi, na ina maana kwa baruti mbadala kama Pyrodex, ambazo ni nzito kuwaka. Baruti nyeusi, yaani shura 75, makaa 15 na kiberiti (salfa) 10 kwa mia, inawaka vizuri kwa fataki ndogo.

Basi mbona gobore hugoma kulipuka? Uchafu. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi ikiungua hubaki masizi na chumvi, na chumvi hizo hunyonya unyevu, hasa mvua za Desemba zikianza. Tundu la moto, lisilofika hata milimita moja, huziba. Mafuta yaliyoachwa humo nayo hulowesha baruti.

Dawa yake ni ya bei ya sabuni. Bunduki ikiwa tupu (pima kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, usikisie), fungua kichuma kinachovaa fataki, osha kwa maji ya moto, zibua tundu kwa waya laini, kausha kabisa, kisha paka mafuta kiasi. Kabla ya kushindilia tena, yafute.

Ikigoma, elekeza mtutu pasipo na mtu, usubiri dakika nzima: baruti huweza kuchelewa kuwaka.

Kuchonga gobore kuukuu lipokee 209 ni hatari: kifuniko kisichobana hurudisha gesi usoni.